Monster Haiendi Polepole, Ni Sisi Tuko na Haraka

Nianze na ukweli: Monster niliiacha mara mbili.

Mara ya kwanza nilikuwa sekondari, wakati wa likizo. Nilikuwa nimetoka kuangalia Attack on Titan na kichwa changu bado kilikuwa kinataka majitu na damu kila baada ya dakika tano. Nikafungua Monster nikapata daktari Mjapani mwenye koti jeupe anatembea kwenye korido ya hospitali Ujerumani. Anaongea na bosi wake. Anaongea na mchumba wake. Anarudi kazini. Sehemu ya tatu haikuisha, nikafunga laptopu nikaenda kucheza mpira.

Mara ya pili nilikuwa chuo, Nairobi. Nikajikaza mpaka sehemu ya 9. Mbogi ya hosteli ikaingia, mmoja akachungulia skrini akaniuliza, "Buda, hii ni katuni ama ni habari za saa tatu?" Tukacheka wote. Nikafunga tena.

Mara ya tatu sikuwa na mahali pa kukimbilia. Nilikuwa nimerudi Garissa na begi moja, bila digrii, na kila mtu nyumbani alikuwa anazunguka lile swali la "sasa utafanya nini?" kama mtu anayezunguka nyoka. Bando lilikuwa limeisha. Kwenye flashi niliyopewa na rafiki kulikuwa na kitu kimoja tu ambacho sikuwa nimekiangalia. Sehemu 74. Karibu saa 30. Ukipiga hesabu, ni kama kukaa kwenye basi la Nairobi, uende na urudi mara mbili, bila kushuka.

Kwa wale hawaijui, niwape picha haraka, na siharibu kitu. Monster ilianza kama manga ya Naoki Urasawa, iliyotoka kati ya 1994 na 2001. Studio ya Madhouse ikaifanya anime chini ya mwongozaji Masayuki Kojima, ikaonyeshwa Japani kuanzia Aprili 2004 hadi Septemba 2005. Hakuna uchawi ndani. Hakuna mtu anayerusha moto kwa mkono. Kuna Dkt. Kenzo Tenma, bingwa wa upasuaji wa ubongo kule Düsseldorf, Ujerumani Magharibi, mwaka 1986. Usiku mmoja analetewa mtoto aliyepigwa risasi kichwani. Kabla aanze, anaambiwa amwache, kuna meya wa mji anayehitaji mikono yake. Tenma anakataa. Anamwokoa mtoto, meya anafariki, na kazi ya Tenma inaporomoka. Miaka tisa baadaye anagundua yule mtoto, Johan, amekuwa muuaji ambaye hajawahi kukutana na mfano wake. Zile sehemu zingine nyingi ni Tenma akizunguka kumtafuta mtu aliyemrudishia uhai, huku polisi wakimtafuta yeye.

Sasa, kwa nini anakataa kumwacha mtoto? Hapo ndipo mimi nilipitwa mara mbili zote.

Ni kwa sababu ya jambo lililotokea siku chache kabla. Mfanyakazi wa mjengo, Mturuki, aliletwa hospitali akiwa hali mbaya. Tenma alikuwa anapaswa kumfanyia upasuaji. Akaelekezwa kwa mgonjwa mwingine, mwimbaji maarufu wa opera. Tenma akatii. Mwimbaji akapona, magazeti yakaandika, bosi akafurahi. Mturuki akafa. Mke wake akamkuta Tenma kwenye korido, akampiga vifua vyake akilia, akiuliza kwa nini mume wake aliyefika kwanza hakutibiwa kwanza. Na mchumba wa Tenma, msichana wa kitajiri, bintiye bosi, akamtuliza kwa kumweleza wazi kwamba thamani ya watu haiko sawa.

Hiyo korido mimi niliiona mara mbili na sikuiona. Aliyeniamsha ni nyanya yangu.

Stima ilikuwa imepotea, kama kawaida, na joto la Garissa si la kulala ndani. Tulikuwa tumetoa mikeka nje. Betri ya laptopu yangu ilikuwa inashika sehemu mbili na nusu, basi. Ayeeyo akajisogeza akauliza ninaangalia nini. Hajui Kiingereza kwa hivyo nikawa ninamtafsiria maandishi ya chini kwa Kisomali, nusu nusu, nikiruka pale ninapoona hapana maana. Mke wa Mturuki nilimruka. Nilisema tu, "Huyu mama amefiwa, amekasirika."

Usiku wa tatu Tenma yuko mbali, Johan ameshajulikana, mimi niko na moto. Ayeeyo akaniuliza, "Ayeeyo," (kwetu nyanya humwita mjukuu kwa jina lile lile analoitwa yeye) "yule mama aliyefiwa, alienda wapi?"

Nikamwambia hadithi imeshampita.

Akanyamaza kidogo. "Mume wake alifika kwanza," akasema. "Kwani yeye si mtu wa hadithi?"

Manze, nilifunga laptopu, na mara hii haikuwa kwa kuboeka. Nyanya yangu, ambaye hajawahi kuona anime maishani mwake, alikuwa ameshika mzizi wa kitu ambacho mimi nilikuwa nimekiacha mara mbili. Amezoea sheeko, hadithi za usiku zinazochukua saa nne na msimulizi akisimama katikati kunywa chai. Kwake mtu akitajwa kwenye hadithi ameshaingia nyumbani. Huwezi kumwacha mlangoni.

Kutoka hapo nilianza kuangalia Monster kwa macho mengine, na nikaona kwa nini inaenda vile inaenda.

Tenma anapotembea anakutana na watu. Kuna sehemu nzima ya daktari wa kijijini na mama mmoja mgonjwa, mbishi. Kuna wanandoa wazee wanaompa lifti. Kuna Dieter, mtoto aliyeumizwa na mtu aliyepaswa kumlea, ambaye unamwona akijifunza tena kucheza mpira. Kuna mtaa wa Waturuki kule Frankfurt ambao watu fulani wamepanga kuuchoma, na sehemu kadhaa zinaisha hapo hapo, kwa sababu kwa Tenma mtaa huo si kona ya kupita akielekea kwa Johan. Ukiwa na haraka utasema, "Hawa ni wa kujaza muda tu." Zii. Kama hadithi yako inadai maisha ya watu wote yana uzito sawa, huwezi kumpa mhusika mkuu saa 30 na kumpa yule mama mgonjwa sekunde kumi. Lazima ukae naye. Ule upole ndio hoja yenyewe.

Na ubaya kwenye Monster ni nini? Ni kumwona mtu kwa haraka. Angalia Inspekta Lunge. Jamaa ana akili kuliko wote. Anachezesha vidole hewani kama anayepiga chapa, na kila anachosikia kinabaki kichwani mwake. Lakini ameshaamua mapema sana: muuaji ni Tenma, na huyo Johan hayupo, ni kitu Tenma amejitungia. Kila ushahidi mpya anaupanga ndani ya lile sanduku alilolifunga siku ya kwanza. Inamchukua miaka kulifungua, na njiani anapoteza hadi familia yake.

Sasa niwaambie kwa nini hii kitu ilinishika shingo.

Mimi ni wa Garissa. Tarehe 2 Aprili 2015 nilikuwa na miaka kumi na moja. Alfajiri ile watu wenye silaha waliingia Chuo Kikuu cha Garissa wakaua watu 148, wengi wao wanafunzi, wengi wakiwa wametoka kaunti za mbali kuja kusoma kwetu. Nakumbuka helikopta. Nakumbuka tukikatazwa kutoka. Nakumbuka baadaye amri ya kutotoka nje, kuanzia jioni hadi asubuhi, na mji ambao hukaa macho usiku kwa sababu ya joto ukawa kimya kama kaburi. Na nakumbuka jambo lingine nililolielewa nikiwa mkubwa: mtandaoni Wakenya walianza kuandika majina ya waliouawa, mmoja mmoja, na picha zao, huyu alipenda hiki, yule alikuwa wa kwanza kwao kufika chuo. Walikuwa wanasema hawa si nambari. Walikuwa wanakataa kumwacha mtu mlangoni.

Miaka ikapita. Nikaenda chuo Nairobi. Siku ya kwanza hosteli msee mmoja akaniuliza ninatoka wapi. Nikasema Garissa. Akasema, "Garissa ile ya…" akakatiza, akacheka kidogo, akasogeza begi lake. Hakuwa mtu mbaya. Baadaye tulikula pamoja sana. Lakini ule mkono kwenye begi nimeushika mpaka leo. Sekunde mbili tu, na jamaa alikuwa amemaliza kuniangalia.

Ukitoka kwetu kwa basi unajua hizo sekunde mbili. Basi linasimama kwenye kizuizi, mnashuka, mnapanga laini, kitambulisho mkononi. Anayekiangalia haangalii kadi tu, anaangalia pua yako na jina lako. Na kupata hiyo kadi kwenyewe kulikuwa hadithi yake. Kwa miaka mingi, kijana wa Kaskazini Mashariki alikuwa lazima apitie jopo la kumhakiki kwanza, mambo ambayo kijana wa Nyeri hakuulizwa. Agizo la kuondoa uhakiki huo Rais alilitia saini Wajir, Februari 2025. Mimi nilitimiza miaka 18 mapema kuliko hapo.

Yangu ilichukua mwaka mmoja na miezi miwili. Njoo kesho. Leta mzee. Leta mzee mwingine. Siku moja niliulizwa jina la babu, halafu la baba yake babu. Nikawapa yote. Msomali hufundishwa abtirsi, mlolongo wa mababu, kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Nilihesabu majina kumi na mawili bila kupumua. Nikaambiwa nirudi wiki ijayo.

Kwenye Monster kuna kitabu cha watoto kinachosomwa ndani ya hadithi, kinachohusu zimwi lisilo na jina linalozunguka likitafuta jina. Sitasema zaidi. Nitasema tu nilipofika hapo nilicheka peke yangu gizani, kicheko kibaya. Zimwi halina hata jina moja. Mimi nilikuwa na kumi na mawili na bado sikutosha.

Bila kitambulisho huombi mkopo wa masomo. Mwaka wa kwanza familia ilichanga, mbuzi wakauzwa, abti akatoa akiba yake. Kadi ilipofika deni lilikuwa limeshanipita mbio. Mwisho wa mwaka wa pili sikupewa kadi ya mtihani. Nilikaa nje ya ukumbi nikisikia wenzangu wakivuta viti. Wiki iliyofuata nilikuwa kwenye basi narudi.

Watu waliponiona wakaniambia subira huvuta heri. Nimeisikia hiyo methali mpaka inaniuma masikio. Ndio maana nataka tuelewane vizuri, kwa sababu hapa ninawaambia kuhusu anime inayotaka subira. Kusubirishwa na kuwa na subira si kitu kimoja. Kusubirishwa ni mtu mwingine anakula muda wako na wewe huna la kufanya, umekaa kwenye benchi na fomu inakunjika kwa jasho. Subira unaitoa mwenyewe. Ni wewe umeamua kumkazia mtu macho mpaka umwone. Tenma hajakaa benchi. Anatembea miaka, anauliza, anasikiliza, anatibu, anaenda tena. Hiyo ndiyo subira. Ile nyingine waiite jina lake.

Ningeweza kumaliza hapo nikiwa mtu mzuri, niliyeonewa. Lakini kuna kitu nilifanya.

Mnajua kazi yangu. Mimi ni wa video fupi. Nisipokushika ndani ya sekunde tatu umeshasonga. Mwaka jana, siku ya soko la mifugo, kulikuwa na mzee mmoja aliyekuwa anakaa kivulini peke yake, anaongea na nafsi yake, anakunja vidole, anakunjua, anakunja. Nilimrekodi kwa mbali. Nikaweka muziki wa kuchekesha. Nikaandika juu yake, "Mhasibu wa Garissa." Sekunde 22. Ilikuwa video yangu kubwa kuliko zote. Ndiyo iliyoniletea tangazo la kwanza la kulipwa.

Usiku niliokuwa naangalia sehemu ya Lunge, vile vidole vyake vikicheza hewani, nilisikia tumbo limeshuka. Kila mtu anayemwona Lunge kwa mara ya kwanza anadhani ana kasoro. Kumbe anakumbuka.

Asubuhi nikamuuliza abti kama anamjua yule mzee. Anamjua, bila shaka. Hapa nani hamjui nani? Akaniambia, "Abti, yule anahesabu mbuzi." Ule ukame ulioanza 2020, mvua ikikosa msimu baada ya msimu mpaka 2023, ulimaliza mifugo yake. Kila mnyama alikuwa na jina. Siku ya soko huenda akakaa pale alipokuwa akiuzia, anawaita kwa majina, anakunja kidole kwa kila mmoja.

Niliifuta ile video. Usinipigie makofi, kwa sababu watu walikuwa wameshaipakua na nimeiona ikizunguka na muziki mwingine mbaya zaidi. Nilienda kumsalimia mzee. Hakujua habari ya video na sikupata ujasiri wa kumwambia siku hiyo. Nilikaa. Aliniuliza mimi ni wa nani, nikampa abtirsi yangu, na kufikia jina la tano akanizuia akaniambia alimjua huyo babu, alikuwa mkali kwa ngamia. Zaidi ya mwaka mmoja mbele ya meza na mihuri, na huyu mzee ninayemwita kichekesho akanihakiki kwa dakika mbili.

Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Nilikuwa nadhani ni methali ya kuogopesha. Siku hizi naona inasema kitu kidogo kuhusu kujuana: hata zimwi, likikujua, linabakisha.

Sasa kwa wale mlioshuka mpaka hapa na mnataka kuijaribu, maelekezo ni haya.

Usiangalie kwa kasi ya moja na nusu. Najua mnafanya hivyo, hata mimi nilifanya. Ukimya wa Monster ndio unaokuambia nani anadanganya, na ukiuharakisha unasikia maneno tu.

Usiitafute kwa jina la Johan mtandaoni. Utaharibiwa ndani ya picha moja.

Angalia mbili kwa usiku, tatu ukishindwa. Mimi betri ndiyo iliyonilazimisha, na ninaishukuru. Ile nafasi kati ya usiku na usiku ndiyo inayokufanya uwafikirie hawa watu kama majirani.

Kuna sehemu zitakazokulaza. Sitakudanganya, katikati kuna mahali inazunguka, na mimi nilisinzia mara moja nikaamshwa na mbu. Rudi nyuma uangalie tena. Ukifika sehemu ya 4 utajua kwa nini inaitwa Monster. Ukisikia habari za Kinderheim 511, nyumba ya watoto kule Berlin Mashariki, utaelewa kwamba hakuna mtu aliyezaliwa zimwi, kuna watu waliokaa chini wakapanga kumtengeneza. Na ukishavuka nusu utakutana na Wolfgang Grimmer, jamaa mrefu anayetabasamu kila wakati kwa sababu ilibidi afundishwe mtu hutabasamu lini. Kwa huyo sina maneno.

Kama unaweza, angalia na mtu mkubwa wa kwenu. Mtafsirie yote. Usiruke mtu.

Sisi tulimaliza mwezi wa Ramadhani, baada ya tarawehe, sehemu mbili mbili mpaka daku. Sehemu ya 74 ilipoisha Ayeeyo hakusema kitu kwa muda. Halafu akauliza kama wale watu wa Ujerumani walishamwomba radhi yule mama Mturuki.

Nikamwambia hapana, haikuonyeshwa.

"Basi haijaisha," akasema, akaenda kuchota maji.

Jumatano hii ni siku ya soko. Nitarudi kwa mzee, na safari hii nina kitu cha kumwambia. Simu nitaiacha nyumbani. Wewe ukifika kwa Grimmer, nitafute.